CERN: Maduara ya nuru yanayotambulisha chembe zisizoonekana

Karibu metre 100 chini ya ardhi, kwenye mpaka wa Ufaransa na Uswisi, protoni zinagongana kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru. Kila mgongano unarusha chembe nyingi ndogo kuliko atomu. Kati yake mna pioni na kaoni, na hapo ndipo shida inapoanzia. Zote mbili zina chaji sawa na zinaacha alama zinazofanana. Ila kaoni ni nzito kuliko pioni karibu mara tatu na nusu, na mwenye kuzichanganya anapata hesabu ya uongo.

Katika jaribio la LHCb, sumaku kubwa hupinda njia ya chembe. Kiasi cha kupinda kinaonyesha uzito na mwendo vikiwa vimechanganyika. Ili kujua uzito, lazima kwanza kupima mwendo peke yake. Hiyo ni kazi ya vyombo viwili vinavyoitwa RICH.

Mtu aliyepanda boti ya mwendo wa kasi kati ya Goma na Bukavu ameona namna mawimbi ya ziwa Kivu yanavyofunguka nyuma yake kama mabawa, kwa sababu boti inakimbia kuliko mawimbi yenyewe. Kwa nuru ni vilevile. Mahali patupu hakuna chembe inayoweza kuishinda, lakini ndani ya maji au gesi nuru hupunguza mwendo. Chembe ikiipita humo, inatoa mwangaza wa bluu.

Pavel Cherenkov aliuchunguza mwangaza huo katika Umoja wa Kisovieti mwaka wa 1934. Ulikuwa hafifu kiasi kwamba alikaa gizani muda mrefu ili macho yazoee. Mwaka wa 1958 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Igor Tamm na Ilya Frank, walioeleza sababu yake. Ni nuru ileile inayong'aa ndani ya maji ya vinu vya nyuklia, na iliyokuwa iking'aa katika TRICO cha Kinshasa, kinu cha kwanza barani Afrika, kilichowashwa mwaka wa 1959.

Nuru hiyo hutawanyika kama mdomo wa funeli. Ndani ya RICH, vioo vinaikusanya na kuifanya duara. Chembe yenye mwendo mkubwa inachora duara pana, na ile ya polepole duara dogo. Kwa hiyo, pioni na kaoni zikipindwa sawasawa na sumaku, kaoni, kwa kuwa ni nzito, inakuwa na mwendo mdogo zaidi na duara lake linakuwa jembamba.

Wazo la kupiga picha ya duara lilitolewa mwaka wa 1977 na Jacques Séguinot na Tom Ypsilantis. Huyu wa pili alikuwa katika kundi lililogundua antiprotoni huko Berkeley mwaka wa 1955, wakati vyombo vya Cherenkov vilijibu tu ndiyo au hapana.

Mwendo ukizidi sana, maduara ya pioni na kaoni yanakaribia kulingana. Ndiyo maana LHCb ina vyombo viwili vyenye gesi tofauti, kimoja kwa chembe za polepole, kingine kwa zile za kasi. Gesi hizo zina fluorini na zinachangia sana joto la dunia zikivuja, kasoro ambayo CERN inaitafutia dawa.

Faida ya kazi yote hii ilionekana mwezi wa Machi 2025. Watafiti wa LHCb walihesabu zaidi ya mara 80,000 chembe iitwayo Lambda-b ikivunjika kuwa protoni, kaoni na pioni mbili, au pacha wake wa antimaada akifanya hivyo. Ilionekana tofauti ya karibu asilimia 2.5 kati ya pande hizo mbili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa tofauti hiyo kuonekana kwenye chembe za jamii ya protoni, zile zinazojenga miili yetu.

Maada na antimaada zikikutana zinateketezana. Kama zingelingana kabisa mwanzoni mwa ulimwengu, pasingebaki nyota wala mtu. Tofauti zilizopimwa hadi sasa ni ndogo mno kueleza jinsi maada ilivyobaki. Tangu mwaka wa 2022, RICH zenye macho mapya zinafuatilia migongano hadi mara milioni 40 kwa sekunde.