AMPLIFAYA KWENYE BEGI: Gitaa lako lisitupwe nje ya wimbo!

Haya wapiga gitaa wa mjini, wiki hii zamu yenu. Waacheni wenzenu wakimbilie ukurasa wa nyota na mapenzi, ninyi kaeni hapa na mimi, maana kuna jambo linaniwasha siku nyingi. Hivi kwa nini nyimbo kibao za vijana hazina gitaa la kweli, wakati magitaa yamejaa vyumbani?

Sehemu ya jibu niliipata studio. Namfahamu kijana mmoja, solo lake ukilisikia mazoezini utaacha chai ipoe. Akaitwa kurekodi kwenye studio moja ya chumba kimoja. Amplifaya hakuna, kwa hiyo waya wa gitaa ukachomekwa moja kwa moja kwenye mashine. Mlio uliotoka, jamani, ni nyuki ndani ya kopo! Fundi mitambo wala hakubishana. Akampa nauli, akafuta solo, akaweka kinanda. Kijana karudi nyumbani akiamini hajui kupiga. Hilo ndilo linaloniuma, maana vidole vyake havikuwa na kosa.

Tatizo ni kwamba gitaa la umeme peke yake ni nusu ya chombo. Nusu nyingine ni amplifaya na spika yake. Spika ya gitaa si kama ya redio: zile sauti kali za juu, kuanzia hezi 5,000 hivi, inazimeza. Na amplifaya ya valvu ukiipandisha, vilele vya sauti vinabonyezwa taratibu, mlio unanenepa. Ukiviruka hivyo viwili unabaki na makwaruzo matupu.

Sasa, amplifaya ya maana si mchezo. Fender Twin Reverb, iliyotoka mwaka 1963, ina uzito wa karibu kilo 30, na ukiifungua mpaka ikupe raha yake, mwenye nyumba anakuja na notisi mkononi. Ndiyo maana mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ya Marekani ilipotoa POD, kidude chekundu chenye umbo la figo, wapiga gitaa waligeuza shingo. Ndani hakuna valvu wala spika. Kuna kompyuta ndogo inayokokotoa kile ambacho amplifaya, spika na maiki vingekifanya. Vifaa vya namna hii ndivyo vinaitwa modela.

Mwaka 2011 Mjerumani Christoph Kemper akaleta mashine nyingine: inapeleka sauti za majaribio kwenye amplifaya halisi, inasikiliza majibu, kisha inanakili. Leo kuna hata programu ya bure, Neural Amp Modeler, iliyoanzishwa na Steven Atkinson, ambayo hujifunza tabia za amplifaya kwa akili mnemba. Ukiwa na kompyuta na kadi ya sauti yenye tundu la gitaa, tayari umo.

Lakini usikimbilie kushangilia. Milio mingi ya kiwandani imepikwa kwa ajili ya roki: geini imejaa, mwangwi kama uko pangoni. Piga sebene humo uone, noti zinagandana kama ugali wa jana. Mashine haijui kwenu watu wanacheza nini, lazima uielekeze mwenyewe. Mimi nafanya hivi.

Kwanza, kiasi cha kuingia. Piga kwa nguvu zako zote, na vilele vibaki kama desibeli 12 chini ya kikomo. Mita kuwa nyekundu siyo sifa, bwana.

Pili, chagua amplifaya safi, ya ukoo wa hiyo Twin. Shusha geini mpaka chini, halafu ipandishe polepole. Simama pale ambapo ukigusa kwa upole mlio ni safi, ukibamiza unakwaruza kidogo tu. Solo la dansi linataka kila noti isimame kwa miguu yake.

Tatu, spika na maiki. Hapa ndipo wengi wanapita bila kusalimia! Kabla hujagusa besi na trebo, badilisha spika usikie. Maiki ikiwa katikati ya koni, mlio unachoma, na ukiisogeza pembeni unalainika. Shure SM57, maiki iliyotoka mwaka 1965, utaikuta kwenye modela nyingi. Anza nayo.

Nne, punguza. Kamba nene ya gitaa ina hezi 82, kwa hiyo chini ya 80 hakuna muziki wako, ni mngurumo tu. Kata, mwachie mwenye besi nafasi yake. Juu nako kata kuanzia hezi 6,000 au 7,000, sikio lako ndilo liamue.

Tano, tengeneza mlio huku wimbo mzima unalia, na usiutengeneze kwa kunong'ona. Tangu mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio halisikii besi vizuri. Kwa hiyo mlio uliopikwa usiku wa manane kwa hedifoni za sauti ya chini utavimba besi ukipigwa ukumbini.

Sita, angalia gitaa lisichelewe. Sauti hutembea mita moja kwa milisekunde 3 hivi. Ukisikia mlio milisekunde 10 baada ya kugusa kamba, ni kama spika iko mita tatu na nusu kutoka ulipo, hiyo utaizoea. Ikifika 30, rithimu itakuponyoka. Shusha bafa ya kadi ya sauti mpaka 128, au chini zaidi kama kompyuta inavumilia.

Saba, na hili liandike ukutani: rekodi njia mbili kwa mpigo, moja yenye amplifaya, nyingine kavu. Ile kavu ndiyo akiba yako. Fundi mitambo asipoupenda mlio, hana haja ya kufuta solo. Anabadilisha amplifaya, vidole vyako vinabaki vilevile.

Najua wazee wa dansi watanicheka. Bendi za miaka ya 1970 zilirekodi Radio Tanzania kila mtu akipiga kwa pamoja, na amplifaya ikisukuma hewa mpaka suruali inatikisika. Nakubali, hedifoni haitikisi suruali ya mtu. Kama bendi yenu ina amplifaya nzuri na mahali pa kuipigia, ipigeni! Ila kijana wa chumba cha kupanga, anayesubiri umeme urudi ndipo aanze, tumwambie asubiri mpaka lini?

Kwa hiyo ndugu yangu, usiingie studio mikono mitupu ukitegemea huruma. Nenda na mlio wako umeshautengeneza nyumbani, uko kwenye begi. Ukishachomeka waya, watu wasikilize unachopiga. Wakikukataa baada ya hapo, angalau watakuwa wamekukataa wewe, si waya.

Kazi kwako!