Moyo kwenda mbio baada ya korona si mawazo tu

Mapema mwaka 2022 alinijia mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa umri wa miaka 38, akilalamika kwamba moyo ulikuwa ukimwenda mbio hata akiwa ameketi. Alikuwa amepungua kilo sita, mikono ikimtetemeka aandikapo ubaoni, na usiku jasho lilimtoka hadi akabadili shuka. Zahanati aliyoiendea kwanza ilimwambia ni presha na mawazo mengi, akapewa vidonge na kushauriwa apumzike. Hakuna aliyemwuliza kama alikuwa ameugua korona. Alikuwa ameugua wiki sita kabla, akajitibu nyumbani, akarudi kazini.

Nilipomgusa shingo alishtuka kwa maumivu. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba tezi ya thairoidi, ile iliyoko mbele ya shingo ambayo ikivimba kwa muda mrefu watu huiita rovu, ilikuwa imewaka kwa uvimbe na kumwaga homoni kupita kiasi. Hali hii hufuata maradhi mbalimbali ya virusi, na tangu mwaka 2020 madaktari wameiona pia baada ya korona.

Ili uelewe, msomaji, fikiria tangi la maji lililopasuka juu ya nyumba. Maji yanafurika, lakini si kwa sababu bomba limeleta maji mengi. Ni yale yaliyowekwa akiba. Ndiyo maana dawa za kuizuia tezi isitengeneze homoni hazisaidii hapa. Ni kama kufunga bomba huku tangi likiendelea kuvuja. Mgonjwa hupewa dawa za kupunguza uvimbe na za kutuliza mpigo wa moyo. Baada ya wiki kadhaa tangi hubaki tupu, na yule aliyekuwa akikonda na kutokwa na jasho huanza kunenepa, kuhisi baridi, kufunga choo na kulala ovyo. Wengi hurudi hali ya kawaida baada ya miezi. Wachache huhitaji kumeza homoni ya thairoidi kila siku, maisha yao yote.

Sukari nayo huweza kuvurugika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu watu waliotumikia jeshi la Marekani ulionyesha kwamba, katika mwaka mmoja, waliougua korona walipata kisukari zaidi ya wenzao ambao hawakuugua, kwa kiasi cha watu 13 zaidi katika kila 1,000. Utafiti mwingine wa mwaka huo huo, katika kundi la aina hiyo hiyo, ulihesabu maradhi ya moyo na mishipa ya damu, yakiwemo kiharusi, damu kuganda, moyo kushindwa kazi na mapigo yasiyo na mpangilio. Hapo tofauti ilikuwa watu 45 katika kila 1,000. Waliolazwa hospitalini ndio walioathirika zaidi, lakini hata waliougulia nyumbani hawakusalimika. Yafaa niseme kwamba wengi wa waliochunguzwa walikuwa wanaume wazungu wenye umri mkubwa, hivyo basi tarakimu hizo haziwezi kuhamishiwa Nairobi au Mombasa jinsi zilivyo.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Mwaka 2020 ilithibitishwa nchini Uingereza kwamba deksamethasoni hupunguza vifo vya wagonjwa wa korona wanaohitaji oksijeni. Kabla ya muda kupita, watu waliokuwa wakipumua vizuri walikuwa wakiinunua dukani kama pipi. Dawa hii hupandisha sukari. Ikitumiwa kwa wiki nyingi, tezi zilizo juu ya figo hulala usingizi, na mgonjwa akiiacha ghafla huweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha kushuka na hata kufa. Kama uliitumia muda mrefu, mwambie daktari kabla ya kuiacha.

Si kila moyo unaokwenda mbio una ugonjwa wa tezi au wa moyo. Baadhi ya waliougua mapigo hupanda mno wanaposimama. Unaweza kujipima: lala dakika kumi, hesabu mapigo kwenye mkono kwa dakika nzima, kisha simama na uhesabu tena kila baada ya dakika chache hadi dakika kumi. Kwa mtu mzima, ongezeko la mapigo 30 au zaidi ambalo halishuki, pamoja na kizunguzungu, lamfaa daktari kulijua. Na katika nchi yetu, anayekonda na kutokwa na jasho usiku lazima apimwe kifua kikuu, hata kama aliugua korona. Upungufu wa damu nao hufanya moyo ukimbie.

Kwa hiyo unapokwenda kliniki, taja mwezi uliougua na dawa ulizotumia. Omba upimwe presha, sukari, wingi wa damu, homoni ya thairoidi na umeme wa moyo. Usingoje miadi iwapo una maumivu ya kifua, umezirai, unakosa pumzi ukilala chali, au mguu mmoja umevimba na kuuma. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mwalimu yule alipitia kipindi cha baridi na usingizi kama nilivyoeleza. Kufikia Novemba mwaka huo tezi yake ilikuwa sawa, na vile vidonge vya presha alivyopewa mwanzoni hakuvihitaji tena.