Intaneti ya Safari Bila ya Kusajili Laini: Ipi Inafaa na Ipi Haifai?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Kila ukikaribia msimu wa Hija na Umra, na kila familia zetu zinapojitayarisha kwenda Oman, Dubai au Uingereza kutazama jamaa, suala hili hurudi: je, inafaa kwa Muislamu kutumia intaneti ya simu katika nchi ya watu bila ya kuandikisha jina lake, paspoti yake na alama zake za vidole? Wapo wanaoulizia zile laini za eSIM zinazonunuliwa mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Wapo wanaoulizia laini zinazouzwa njiani, zimeshasajiliwa tayari kwa jina la mtu ambaye mnunuzi hamjui. Mambo haya mawili huchanganywa kana kwamba ni kitu kimoja, na hukumu zake haziko sawa.

Jawabu kwa ufupi ni hili: kutosajili mahali ambapo hukutakiwa kusajili si dhambi. Dhambi huingia pale unapotakiwa jina lako ukasema uongo, au ukajificha nyuma ya jina la mwengine. Sasa tufafanue.

Kwa nini nchi zinataka usajili

Sote tumewahi kupokea ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Nyuma ya kila ujumbe kama huo ipo laini, na mara nyingi jina lililoandikwa kwenye laini hiyo si la huyo anayeitumia. Hii ni moja ya sababu kubwa za serikali kutaka kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana. Kwetu Tanzania usajili kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020. Saudia ilitangulia: tangu mwaka 2016 laini za simu huko zinafungamanishwa na alama za vidole, na mgeni anayekwenda dukani huombwa paspoti.

Nchi nyengine zina taratibu zao. Ujerumani inataka kitambulisho kwa laini za malipo ya kabla tangu Julai 2017, na Sweden ilifuata Agosti 2022. Uingereza haina sheria hiyo: jamaa yako akikupokea London anaweza kukununulia laini dukani kama anavyonunua mkate, na hakuna atakayeuliza jina lako. Kwa hivyo hata sheria za dunia haziko namna moja. Anayetumia laini isiyo na jina London hakukosa kitu. Anayefanya hivyo kwa hila katika nchi inayotaka jina, huyo ana la kujibu.

Njia ambazo msafiri hupata intaneti

Njia ya kwanza ni kubaki na laini ya nyumbani na kuwasha huduma ya kutumia nje ya nchi, maarufu kwa jina la romingi. Laini hii umeshaisajili hapa, na mitandao ya huko hukupokea kama mgeni wao. Haina shaka yoyote kisheria, ila uangalie bei na ununue kifurushi cha safari mapema, kwani bila ya kifurushi salio huyeyuka.

Njia ya pili ni kununua laini ya nchi uliyofikia, katika duka la kampuni yenyewe, kwa paspoti yako. Hii nayo haina shaka, na ina faida ya kukupa namba ya huko ambayo kiongozi wa msafara, hoteli au dereva anaweza kuipiga.

Njia ya tatu ni eSIM ya wasafiri. Hii haina kadi ya kutia mkononi. Unailipia mtandaoni, unaletewa msimbo wa QR, simu inausoma na laini inakaa ndani ya simu. Wauzaji wengi hawaombi paspoti, wanataka barua pepe na malipo tu, ingawa kwa baadhi ya nchi huomba kitambulisho. Watu hushangaa: vipi Saudia inayotaka kidole inaiachia laini kama hii? Sababu ni kwamba laini hiyo kwa kawaida si ya Saudia. Imetolewa na kampuni ya nchi nyengine, na ukiwa Makka inafanya kazi kwa mlango ule ule wa romingi, kama laini yako ya nyumbani. Usajili ni jukumu la kampuni iliyoitoa, kwa sheria ya nchi yake.

Njia ya nne ni laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwengine, inayouzwa mkononi. Hii ndiyo yenye tatizo.

Hukumu yake

Visa unayopewa ni ahadi baina yako na nchi unayoingia. Wao wanakupa amani ya kuingia na kutoka, na wewe unakubali kufuata taratibu zao zisizokuwa maasi. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi walieleza tangu zamani kwamba Muislamu aliyeingia nchi kwa amani, hata kama ni nchi ya wasiokuwa Waislamu, haimfalii kuwafanyia khiyana. Vipi basi nchi yenye Nyumba Tukufu? Katika Suratul Maida, aya ya 1, Mwenyezi Mungu anawaamrisha walioamini kutimiza mikataba, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Waislamu hufungwa na masharti waliyoyakubali.

Kwa msingi huo, laini ya eSIM iliyonunuliwa kwa njia ya wazi, muuzaji akakuuliza alichokuuliza na ukamjibu kweli, inafaa, maadamu nchi unayokwenda haikuikataza. Hukumdanganya mtu. Wala si lazima mtu ajitafutie masuali ambayo hakuulizwa. Isitoshe, kupenda sitara ni jambo jema. Suratul Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana, na mtu asiyependa paspoti yake ibaki katika simu ya kila muuza laini wa njiani ana haki ya kujihifadhi. Lakini akiulizwa jina akatoa la uongo, au akatuma picha ya paspoti ya mwengine, hapo ameingia katika ghushi, hata kama nia yake ni kumpigia mama yake tu.

Ama laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu asiyejua, hiyo haifai kuinunua wala kuiuza. Ina mambo matatu ndani yake. Kwanza, ni uongo kwa kampuni na kwa serikali. Pili, ni dhulma kwa mwenye jina. Pengine ni mfanyakazi maskini aliyeweka kidole chake mara moja, muuzaji akamfanyia laini tatu bila ya yeye kujua. Likitokea jambo kwa namba ile, atakayeitwa ni yeye. Tatu, ni madhara kwako wewe mwenyewe, maana laini hiyo inaweza kufungwa wakati wowote, na huna mahali pa kwenda kudai. Fikiria mzee wetu amepotezana na wenzake Mina, simu mkononi, na laini imekatwa tangu asubuhi. Sheria yetu imekataza kudhuru na kudhuriana.

Na tusidanganyane kwamba laini isiyosajiliwa ni laini isiyoonekana. Simu yenyewe ina namba yake ya utambulisho, minara inajua ipo wapi, na kadi ya benki uliyolipia ina jina lako. Anayedhani amejificha kwa viumbe hakujificha, na kwa Mwenyezi Mungu hakuna pa kujificha.

Masuala yanayoulizwa sana

*Kaka yangu anaishi Maskati. Anayo laini ya ziada kwa jina lake na anataka kunipa niitumie kwa wiki mbili. Inafaa?*

Hii ni ariya, yaani kuazimwa kitu, na mwenyewe ameridhia. Inafaa ikiwa sheria ya huko na masharti ya kampuni hayakatazi laini kutumiwa na mwengine. Yakikataza, basi usajili yako kwa paspoti. Na hata ikifaa, kumbuka kwamba yeye ndiye anayebeba dhamana. Usiifanyie lolote usilolifanya kwa jina lako, na umrejeshee unapoondoka.

*Mama yangu ana miaka zaidi ya sabini. Vidole vyake havisomeki tena na mashine kwa kazi ya shamba. Je, dharura hii inahalalisha laini ya njiani?*

Dharura huhalalisha kilichokatazwa pale tu ambapo hakuna njia nyengine, na hapa njia zipo. Asiende na laini mpya: awashiwe romingi ya laini yake ya nyumbani, au mtoto anayesafiri naye amgawie intaneti kutoka simu yake. Na dukani msikate tamaa kwa kidole kimoja. Muombeni mhudumu ajaribu vidole vyengine.

*Mimi ni mwanamke na ninavaa nikabu. Dukani aliyepo ni mwanamme.*

Omba kuhudumiwa na mwanamke, au nenda duka jengine alipo mwanamke. Ikiwa hapana, kidole unaweza kukiweka mwenyewe kwenye mashine bila ya kushikwa mkono. Kufunua uso kwa ajili ya kutambuliwa, kwa kadiri ya haja tu, mafakihi wamelikubali katika ushahidi na miamala. Ukiona tabu, eSIM au romingi zinakutosha.

*Nimeshatumia laini ya njiani katika Umra iliyopita. Umra yangu imesihi?*

Imesihi. Laini ya simu haimo katika nguzo za Umra wala wajibu wake. Lililobaki ni kuomba msamaha kwa Mola wako, kuacha kuitumia, na usimuuzie wala kumgawia mwengine.

*Laini niliyoisajili Makka kwa paspoti yangu nimeiacha kwa mtu niliyekutana naye hotelini, kwani ilikuwa na bando. Kuna ubaya?*

Hili tunalifanya sana kwa wema, na lina hatari. Umemuachia mtu jina lako. Bando linalobaki ni la riali chache, na jina lako ni amana yako ya maisha. Laini uliyoisajili ifunge kwa kampuni kabla ya kuondoka.

Kabla hujafunga mzigo

Kwanza, angalia kama simu yako inakubali eSIM. Bonyeza \*#06#. Ukiona mstari ulioandikwa EID, kwa kawaida simu inayo nafasi hiyo. Simu nyingi za bei ndogo hazina, na fedha ya kununulia itapotea bure.

Pili, iweke eSIM ukiwa bado nyumbani, kwenye intaneti nzuri, kwani kuiweka kunahitaji intaneti. Soma masharti: nyingi hutoa intaneti tu, hazina namba ya kupigiwa.

Tatu, usiitupe laini yako ya nyumbani. Namba za siri za benki na za fedha za simu huletwa kwa ujumbe kwenye laini hiyo. WhatsApp nayo ikikuuliza kama unataka kubadilisha namba, bakia na ile ile, ili jamaa wakujue, na asije mtu akawaandikia kwa namba mpya akidai ni wewe umekwama safarini.

Nne, kwa wanaokwenda Madina: kibali cha kuingia Rawdha kinaombwa kwa programu ya Nusuk. Iwekeni na muiandikishe kabla ya safari, na wazee wasaidiwe na vijana wao.

Tano, viongozi wa misafara, hili ni lenu. Msisajili laini za mahujaji wote kwa jina la mtu mmoja kwa ajili ya kurahisisha, na msipokee "bei nzuri" ya laini zilizokwisha kufunguliwa. Mahujaji wamewaamini, na wengi wao hawajui wanachopewa. Semeni na duka la kampuni mapema na wapelekeni kwa makundi.

Na mkisharudi, hapa nyumbani pigeni \*106# muone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu. Ukiikuta namba usiyoijua, nenda kwa kampuni husika ikaondoshwe. Huo ndio ubaya tuliokuwa tukiuzungumzia, nao unaweza kuwa umekufika bila ya kupanda ndege.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awajaalie mahujaji wetu Hija na Umra zenye kukubaliwa, awarejeshe salama kwa watu wao, na atujaalie ukweli katika mambo madogo kama katika makubwa. Wallahu a'lam.

Wa billahi tawfiq.