Kumwuguza Kuku Mwenye Ndui

Katika nchi ya Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kuku huonekana karibu kila kihamba. Huchakura chini ya migomba na mibuni, hula wadudu na punje zilizoanguka, na jioni hurudi kulala. Mara nyingi mtoto hupewa kifaranga kiwe chake mwenyewe. Hukilisha mpaka kikue kiwe mtetea. Mayai yake yakiuzwa, hupatikana fedha za daftari na kalamu. Basi kuku huyo akiugua, mtoto huona huzuni kubwa, na wengine husema, "Achinjwe upesi kabla hajafa." Lakini si kila ugonjwa wa kuku huua. Uko mmoja unaotisha sana kwa sura yake, ambao kuku akiuguzwa vema mara nyingi hupona. Ugonjwa huo ni ndui ya kuku.

Kwanza vipele hutokea mahali pasipo manyoya, yaani kwenye upanga wa kichwani, kwenye ndevu za nyama zining'iniazo chini ya mdomo, na kandokando ya macho. Kisha vipele hugeuka kuwa vigaga vyeusi. Kope huvimba, macho hufumba, naye kuku hujikunyata peke yake. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mbu akimwuma kuku mgonjwa, kisha akamwuma mzima, huvihamisha. Tena huingia penye jeraha, kuku wanapopigana. Ndui hii haiwapati watu, wala siyo tetekuwanga ya watoto.

Hapana dawa iuayo vijidudu hivyo. Vigaga hukauka vyenyewe na kuanguka baada ya wiki tatu au nne hivi. Basi kwa nini kuku wengine hufa? Mara nyingi hawafi kwa vipele, bali kwa njaa na kiu. Kuku hutafuta chakula chake kwa macho. Macho yakifumba, haoni hata punje iliyo mbele ya mguu wake. Huweza kusimama karibu na bakuli la maji na kufa kwa kiu. Kwa hiyo kazi ya mwuguzi ni hii: kuwa macho ya kuku mpaka macho yake yafunguke.

Kwanza, mgonjwa atengwe na wenzake. Awekwe katika tenga lililotandikwa majani makavu ya migomba, mahali pakavu pasipo na upepo, maana baridi ya mlimani humwongezea udhaifu.

Pili, macho yaoshwe asubuhi na jioni. Maji yachemshwe, yatiwe chumvi kidogo, yaachwe mpaka yawe vuguvugu. Kitambaa safi kichovywe na kuwekwa polepole juu ya jicho, mpaka uchafu ulioganda ulainike. Vigaga visibanduliwe kwa nguvu, kwani damu itatoka na jeraha litaoza. Vile vilivyoanguka vyenyewe vichomwe moto, kwa kuwa vijidudu hukaa ndani yake muda mrefu.

Tatu, alishwe kwa mkono mara kadha kila siku. Mtoto ampakate kuku, amfungue mdomo taratibu, amtilie donge dogo la ugali laini, angoje alimeze. Kisha ncha ya mdomo ichovywe katika maji, anywe mwenyewe. Maji yasimiminwe kooni, maana yakiingia katika njia ya pumzi kuku atakufa.

Kila mara mwuguzi anawe mikono kwa sabuni. Akiona utando wa manjano mdomoni mwa kuku, au akisikia anavuta pumzi kwa shida, bwana mifugo aitwe, kwa kuwa ndui ya kooni ni hatari zaidi.

Tena ndui isichanganywe na mdondo, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Kuku mwenye mdondo huhema, huharisha kinyesi cha kijani, na pengine shingo hupinda. Na wengi hufa kwa siku chache. Mdondo hauna dawa. Kinga yake ni chanjo, tone moja jichoni mwa kuku aliye mzima, nayo hurudiwa kila baada ya miezi michache. Waliokufa wachomwe au wafukiwe chini sana. Wala mgonjwa asipelekwe sokoni, asije akaangamiza kuku wa jirani.

Siku moja kuku wa ndui hufumbua jicho, akadonoa punje peke yake. Hapo mtoto hujua kwamba kazi yake imekaribia kwisha. Kuku aliyepona ndui ni nadra kuugua tena ugonjwa huo. Baada ya kupata nguvu huanza tena kutaga, naye mtoto amejifunza kwamba maji, chakula na subira huponya pale ambapo wengine walikwisha kushika kisu.

Maswali
1. Kwa nini kuku mwenye ndui huweza kufa njaa penye chakula?
2. Vigaga vilivyoanguka vifanywe nini, na kwa sababu gani?
3. Ndui na mdondo hutofautianaje?