Dhahabu na Uzi wa Gitaa la Besi

Geita husifika kwa dhahabu, na Mwadui, mkoani Shinyanga, kwa almasi. Lakini mpigaji wa gitaa la besi la umeme huhitaji metali ya bei nafuu zaidi: chuma.

Fender Precision, gitaa la besi linalopendwa na wanamuziki wengi duniani, lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1951. Nyuzi zake zina urefu wa sentimita 86 hivi. Uzi mnene kuliko zote hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, kwa kuwa uzi mrefu na mzito hutetema polepole na kutoa sauti nzito.

Chini ya nyuzi pana sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma unapotetema, hubadili uga wa sumaku, na umeme kidogo huzalishwa katika waya. Kikuza sauti huongeza nguvu ya umeme huo, na spika huugeuza kuwa sauti.

Dhahabu ni nzito kuliko chuma zaidi ya mara mbili, ila hainaswi na sumaku. Uzi wa dhahabu ungetetema, lakini spika ingekuwa karibu kimya. Basi anayejitengenezea gitaa aupime kwanza waya wake kwa sumaku, usiponasa, haufai.