Rahisi kwa Bei, Si Rahisi kwa Njia: Tiketi ya Ndege kutoka Likasi hadi Marseille

Neno rahisi tulilipata kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni kitu kisichouzwa kwa bei kubwa. Kiswahili kikalipanua, likawa pia na maana ya jambo lisilo gumu. Leo tunasema nyanya ni rahisi na mtihani ni rahisi, na hakuna anayechanganyikiwa. Mwaka jana nilitumia karibu miezi mitano nikimtafutia mama yangu tiketi rahisi ya ndege, kutoka Likasi hadi Marseille, kusini mwa Ufaransa. Ndipo nikaona kwamba maana hizo mbili zinaweza kugombana vibaya. Kwetu Katanga tumejihadhari mapema: kitu ghali tunasema bei iko nguvu, na ugumu unabaki kwenye bei, mahali pake.

Sababu ya safari haikuwa jua wala bahari, ingawa Marseille ina vyote viwili na ndivyo wengine wanavyofuata. Yaya alikuwa na mimba ya kwanza, daktari amemwamuru asisimame sana, na mume wake anafanya kazi za usiku. Mama alisema neno moja tu, kwamba mtoto hazaliwi bila nyanya yake wakati nyanya yu hai. Mimi ndiye mwenye simu nzuri nyumbani, tena nasoma lugha, basi kazi ikaniangukia. Naandika niliyojifunza kwa sababu wanafunzi wenzangu watatu wameshaniuliza, na kila mara naanza upya kueleza.

Tuanze na sababu ya bei yenyewe. Likasi haina safari ya ndege ya kwenda nje. Uwanja wetu ni Luano, Lubumbashi, kilomita 120 hivi kwa barabara. Kutoka Luano hakuna kampuni ya Kikongo inayoweza kukupeleka Ulaya kwa ndege yake, maana tangu 2006 makampuni ya ndege ya nchi yetu yamo katika orodha ya yale yanayokatazwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya. Hata Air Congo, iliyoanza mwishoni mwa 2024 kwa ubia wa serikali na Ethiopian Airlines, inaruka ndani ya mipaka hiyo hiyo. Wazee wa hapa bado wanaitaja Sabena kama vile ilikuwepo juzi, lakini kampuni hiyo ya Ubelgiji ilifilisika 2001. Anayetoka Katanga leo huenda kwanza Addis Ababa, Nairobi au Johannesburg, halafu ndipo anapanda kaskazini. Wauzaji ni wachache, na penye wauzaji wachache mnunuzi hana la kusema.

Halafu kuna bei ndani ya bei. Nilidhani kila kiti cha daraja la chini kina bei moja. Sivyo. Mfikirie mama anayeuza unga sokoni kwa meka. Ana magunia kumi ya unga ule ule, lakini ameamua kwamba meka ishirini za kwanza atauza kwa bei ya chini, thelathini zinazofuata atapandisha kidogo, na zile za mwisho atamuuzia mtu ambaye wageni wake wameshafika na sufuria iko motoni. Kampuni ya ndege hufanya hivyo kwa viti. Kila fungu la viti lina herufi yake na masharti yake, na kwa kawaida lililo la bei ya chini kabisa halibadilishwi tarehe bila faini, wala fedha yake hairudi. Kwa hiyo wanaokwambia ununue Jumanne usiku, au ufute kumbukumbu za simu kwanza, wanakupa dawa ya mganga. La maana ni fungu gani limebaki siku unayouliza, na siku unayotaka kuruka ina wasafiri wangapi.

Hapo sisi tuna faida moja ambayo sikuwahi kusikia ikisemwa. Ushauri mwingi kuhusu tiketi umeandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi Ulaya. Wanaambiwa Desemba ni ghali, na kwao ni kweli, kwa sababu ndugu zetu wa kule wote wanataka kula Noeli nyumbani. Lakini wao wanashuka kusini Desemba na kurudi kaskazini Januari. Anayetoka Likasi kwenda kaskazini mwanzoni mwa Desemba anakutana nao angani, kila mmoja upande wake. Yaya alitarajiwa kujifungua mwishoni mwa Januari. Nilipojaribu tarehe za wiki ya pili ya Januari, bei ilikuwa ya kutisha. Nilipovuta safari nyuma hadi tarehe 3 Desemba, na kurudi tarehe 28 Februari, ilishuka sana. Nilihesabu siku kwa vidole mara mbili: 88 ukijumlisha ya kwanza na ya mwisho. Viza ya muda mfupi inaruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia inahesabika.

Sasa viza, na hapa nitakaa, maana ndiyo inayokula watu.

Miaka michache iliyopita mama mdogo alialikwa Ulaya kwenye harusi. Agensi moja ilimwonyesha tiketi ya bei nzuri na kumwambia itaisha kesho. Akalipa. Viza ikakataliwa. Tiketi ilikuwa ya lile fungu la chini, na fedha ya mashine zake mbili za kushonea ikaenda hivyo. Alichorudishiwa ni kodi chache za uwanja ambazo hakuzitumia, tena baada ya kuandika barua tatu. Wasafiri wengi hawajui hata kwamba kodi hizo zinaweza kudaiwa.

Hakuhitaji kulipa siku ile. Kwa ombi la viza ya Schengen unatakiwa kuonyesha mpango wa safari, na kwa kawaida nafasi iliyowekwa bila kulipiwa inatosha. Balozi zenyewe huwashauri watu wasinunue tiketi kabla ya jibu. Ombi linaweza kupelekwa miezi 6 kabla ya safari, na siku 15 kabla ndiyo mwisho. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi 45. Basi shida ya Mkongo mwenye kutafuta bei ya chini ni hii: bei nzuri iko leo, ruhusa ya kuinunua itakuja baada ya mwezi. Dawa niliyoiona ni kutanguliza viza mapema kadiri inavyowezekana. Sisi tulipeleka karatasi mwezi wa Agosti kwa safari ya Desemba, na jibu lilipokuja mafungu ya chini yalikuwa bado yapo.

Gharama za karatasi zinapaswa kuandikwa kwenye daftari lile lile la tiketi. Viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hazirudi ukikataliwa. Bima ya safari lazima ifunike matibabu ya angalau euro 30,000. Ukienda Ufaransa kulala kwa ndugu, yeye anakuombea hati ya mapokezi kwenye ofisi ya meya wa mji wake, na analipia stempu ya euro 30. Pasipoti nayo ni habari ndefu: kuanzia 2015 raia wa Kongo aliinunua kwa dola 185, mojawapo ya bei za juu kabisa duniani. Na kuna vidole. Ilitubidi Mama aende Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, ili kuweka vidole kumi juu ya kioo kwa muda wa dakika tano. Tiketi ya Lubumbashi–Kinshasa na malazi ya siku nne vilikaribia nusu ya tiketi ya Ufaransa. Alama hizo hutunzwa na kutumika tena kwa miezi 59, jambo ambalo Mama analikumbusha kila anapoweza: "Vidole byangu bingali bizima paka miaka ine."

Jambo lingine ambalo kurasa za bei hazikuambii: Mkongo yumo katika orodha fupi ya raia wanaohitaji viza hata ya kubadilisha ndege tu ndani ya uwanja wa nchi za Schengen. Kwa Mama haikuwa shida, kwa kuwa alikuwa na viza ya Schengen yenyewe. Lakini rafiki aliyepata bei nzuri ya kupitia London alisahau kwamba Uingereza haimo katika Schengen na ina masharti yake ya kupita. Bei ilikuwa ya chini kwa sababu mtu kama yeye hangeweza kuitumia.

Wengi watakwambia: nenda Ndola. Na kweli, Ethiopian hutua Ndola pia, na siku nilizotazama mimi tiketi ya kuanzia kule ilikuwa chini kwa dola 160. Ongeza dola 50 za Go Pass, ile ada ya uwanja kwa safari za nje tunayoidaiwa tangu 2009, ambayo anayeondokea Zambia haimhusu. Jumla 210. Nikashika kalamu. Lubumbashi hadi Kasumbalesa, kuvuka, kisha Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola: dola 25 kwa mtu, na usiku mmoja wa kulala, dola 40, maana mpaka una foleni zake na huwezi kuuamini siku ya safari. Mama kwenda na kurudi, pamoja na malazi, 90. Lakini Mama ana miaka 63 na hajui Kiingereza. Lazima nimsindikize nirudi, kisha niende tena kumpokea. Hiyo ni 100 yangu. Zilibaki dola 20, bila kuhesabu karatasi za mpaka, kwa kupita Kasumbalesa mara sita tukijumlisha wote wawili. Kijana mwenye begi moja, anayejua njia, atafaidika. Vivyo hivyo Lusaka, ambako Emirates na Qatar Airways nazo zinafika, lakini ni mbali zaidi. Kwa Mama tuliacha.

Upande wa Ulaya nilikaribia kuanguka kwenye shimo jingine. Niliona tiketi ya kufika Brussels, kisha ndege ya bei ya kutupa ya Brussels–Marseille. Nilifurahi kiasi cha kumpigia Yaya usiku. Akacheka. Ndege za Afrika zinatua Zaventem. Ile ya bei ya kutupa inaondokea Charleroi, uwanja mwingine kabisa, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa basi. Tena tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali hazijuani: ya kwanza ikichelewa, ya pili inaondoka, na hakuna wa kumlilia. Na mzigo? Tiketi ya Mama kutoka Lubumbashi iliruhusu masanduku 2 ya kilo 23. Zile ndege ndogo kwa bei yao ya kwanza zinakuruhusu kifuko cha kuingia chini ya kiti, na kila sanduku linalipiwa.

Tuliyochagua mwishowe haikuwa ndege hadi mwisho. Lubumbashi, Addis Ababa, Paris kwa tiketi moja, kisha treni. Ndani ya uwanja wa Roissy kuna stesheni, na treni za kasi zinatoka pale moja kwa moja hadi Saint-Charles, katikati ya Marseille, bila kuingia mjini Paris. Tiketi ya treni nayo hupanda kadiri siku inavyokaribia, basi Yaya aliinunua wiki ile ile ya viza, akaacha saa tano kati ya kutua na kuondoka. Ndege ilichelewa saa moja na nusu. Zile saa tano nilizoziona nyingi mno zikawa kipimo chake.

Neno kuhusu masanduku, kwa kuwa hapo ndipo nilipogombana na Mama. Alitaka kubeba sombe mbichi. Tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila jani na tunda bichi la msafiri, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Nyama na maziwa haviingii kabisa mkononi mwa msafiri anayetoka kwetu. Samaki mkavu anaruhusiwa kwa kiasi. Sombe ikabaki Likasi, tukaila sisi.

Alipofika alinipigia kutoka soko la Noailles. Marseille ina Wakomoro wengi sana, na lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Mama alikuwa amemsikia mwanamke akiomba maji, naye akitamka madji, akamsogelea na kumsalimu kwa Kiswahili cha Likasi. Walielewana nusu nusu. Mama alimpa mtoto wa yule mwanamke biskuti, na yule mwanamke akamjibu "marahaba." Mama akabaki anashangaa ameamkiwa saa ngapi. Nikamweleza kwamba kule marahaba ni asante.

Mjukuu alizaliwa Januari, siku nne kabla ya tarehe. Mwezi wa Februari ujumbe wa sauti ukaniingilia darasani, na Mama aliuliza swali moja tu: kigari cha mtoto ambacho Yaya ameacha kukitumia, kinahesabika sanduku au hapana?