Siku tatu Marekani: New York au Washington?
Msafiri mwenye siku tatu tu za mapumziko hana budi kuchagua mji mmoja, kwani safari ya treni kati ya New York na Washington, ya saa tatu hivi, humla nusu siku.

Washington humfaa anayebana matumizi. Majumba ya makumbusho ya Smithsonian mjini humo, likiwemo lile la historia ya Wamarekani weusi lililofunguliwa mwaka 2016, hayatozi kiingilio, na mengi yamekaribiana.

New York humfaa apendaye pilikapilika. Treni zake za chini ya ardhi husafiri usiku na mchana, na kivuko cha Staten Island, kisicho na nauli, humwonyesha abiria Sanamu ya Uhuru. Lakini makumbusho yake mengi makubwa hutoza wageni kiingilio.